Abiria Niliowabandika

Treni ya Bukama ilikuwa iondoke Kamina saa kumi, na mama yangu alikuwa ameshafunga mizigo. Kutoka Bukama angepanda balinyeri, ile mashua kubwa ya mbao yenye mota, ashuke nayo mto Lualaba kutafuta samaki wa kuuza. Mimi natengeneza michezo ya kompyuta. Wiki ile nilikuwa naiga mashua hiyohiyo: programu inapiga hesabu ya uzito, maji yanasukuma juu kila kilichozama, nami natazama kama chombo kinaelea. Kilielea vizuri, jamani! Nikamwita aone, nijisifu kidogo.

"Minyi niko wapi?" akauliza, akijitafuta kwenye skrini.

"Huyu mwekundu, juu ya magunia."

"Na bale bantu, mbona habatikisike? Balikufa?"

Nikacheka, halafu kicheko kikanikauka. Kweli, abiria wote nilikuwa nimewabandika juu ya magunia. Nani kwetu anakaa hivyo? Mitumbwi ya wavuvi ikisogea kuuza samaki, balinyeri nzima inasimama na kukimbilia upande mmoja, kila mtu anataka kuwa wa kwanza kuchagua. Mama yangu ndiye anayewaongoza.

Nikawabandua. Nikaweka mtumbwi kushoto, nikawaamuru waufuate. Mashua ikalala, maji yakaingia, mwekundu akatangulia kuzama. Nikapunguza magunia, nikapanua mashua, wapi! Mara kumi na moja nilijaribu, mara kumi na moja ikapinduka. Saa tisa ilikuwa imepita.

"Mama, usiende."

"Shiye tutakula ordinateri?" Aliisonta kompyuta yangu kwa kidevu, huku anajifunga kikwembe, kitenge chake cha safari.

"Basi ukienda, ukae chini. Samaki wakija, ukae tu. Niapie!"

"Aah, weye! Mambo ya muchezo."

Akaondoka bila kuapa. Nilimkasirikia hata sikumsindikiza stesheni, na jambo hilo likanitafuna siku tatu nzima, simu yake haipatikani.

Siku ya nne akapiga, anafoka.

"Mitumbwi ilifika, bote balisimama. Minyi nikabapigia kelele: Mukaye! Mutoto yangu ameshatuzamisha mara kumi na moja! Bakanicheka sana, lakini bakakaa."

"Na wewe?"

"Nilikaa. Samaki zote za muzuri zilinipita, sababu ya weye!"

Nikalia palepale, simu sikioni, naye akaendelea kunigombeza kuhusu samaki zake.