Kikaangio cha Kampala na Fundi wa Mageti

Saa mbili asubuhi. Uani kwa Rosalia Komba, Kigamboni, pipa la chuma linazunguka taratibu juu ya moto wa gesi. Ndani mna kilo kumi za karanga. Ansbert Rweyongeza, fundi aliyelitengeneza, amechuchumaa akisikiliza mota. Ametoka karakana yake ya Mtoni kuja kuikagua mashine, kama afanyavyo kila mwezi.

Rosalia anachota karanga kwa kijiko kirefu, anazipuliza, anatafuna moja.

"Zima, fundi. Zimeiva."

"Umeonja moja tu, mama."

"Inatosha. Zile za kwanza sikuhitaji hata kuonja, harufu ilifika kwa jirani."

Ansbert anacheka na kuzima. Zile za kwanza nusura zimwondoe Rosalia kwenye biashara.

Ansbert ana miaka 49. Alizaliwa Muleba, akaacha shule darasa la sita, akaja Dar es Salaam kujifunza kuchomelea. Kwa miaka ishirini na mbili alitengeneza mageti na madirisha. Mashine hakuwahi.

Rosalia ni mjane mwenye watoto wawili. Husaga siagi ya karanga na kuiuza madukani. Kwa miaka tisa alikaanga kwa mchanga, kwenye sufuria, juu ya mkaa, kilo kumi na tano kwa siku. Mwaka jana kifua kilimbana. Daktari akamwambia aachane na moshi.

"Nikamuuliza, nikiacha nitakula nini? Akasema hilo hana dawa yake," anasema.

Msaada aliupata kwenye mradi unaozisaidia biashara ndogo kuchukua teknolojia kutoka nchi jirani. Karakana moja ya Kampala ilikuwa na kikaangio kizuri cha gesi, ikakubali kutoa michoro kitengenezwe hapa. Mradi ulilipia michoro na vifaa, kazi akapewa Ansbert. Sharti lilikuwa moja: ndani ya miezi mitatu mashine ikaange vizuri, la sivyo vifaa vinakwenda kwa mfanyabiashara mwingine.

Mchoro ulisema pipa liwe la bati la milimita moja na nusu. Ansbert akaweka milimita nne.

Hakukosea kusoma. Aliamua. Mteja wa geti hulisukuma kwanza kwa mkono. Akiliona jepesi anaondoka. Fundi anayejiheshimu huongeza chuma.

"Nikaona Waganda wamebana matumizi," anasema. "Nikasema mie simtengenezei mama wa watu kopo la maziwa."

Pipa zito lilichelewa kupata moto, na likishapata halikupoa. Gesi ilizimwa, chuma kikaendelea kukaanga. Kilo kumi zikawa nyeusi. Mara ya pili hivyo hivyo. Ansbert akapiga simu mradini, akasema mchoro ni mbovu. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Mradi ukamleta Byaruhanga, fundi wa Kampala aliyechora mchoro huo. Alishuka kwenye basi, akaja moja kwa moja uani, akaligonga pipa kwa kidole.

"Ndugu yangu, hii ni kikaangio ama ni geti?"

Rosalia anasema alicheka, ingawa hakuwa na la kuchekea. Ansbert akasema ukweli: mchoro ni mzuri, yeye ndiye aliyeubadilisha.

Byaruhanga hakuandika ripoti siku hiyo. Alivua shati. Kwa siku nne walifanya kazi Mtoni, mmoja akisema Kihaya na mwingine Kinyankole, lugha zinazokaribiana, wakasikilizana. Alimweleza kwa nini bati la pipa liwe jembamba, akamfundisha kupima joto. Bati jipya Ansbert alilinunua mwenyewe, shilingi laki mbili na nusu. Siku mbili kabla ya mwisho, karanga zilitoka za kahawia, zote sawa.

"Angeniaibisha mbele ya mradi ingekuwa haki yake," anasema Ansbert. "Alinifundisha kwanza, ripoti akaandika baadaye. Akaandika kwamba nilikosea nikarekebisha. Namshukuru kwa yote mawili."

Anamshukuru Rosalia pia, ambaye hakudai fundi mwingine.

"Mwingine angeanza kukosea upya," anasema Rosalia. "Huyu alikuwa keshakosea."

Sasa anakaanga kilo sitini kwa siku na ameajiri wanawake wawili. Usiku halali tena ameegemea mito kwa ajili ya kifua. Ansbert ameshatengeneza vikaangio vingine vitatu, kimoja kipo Ubungo.

Januari anakwenda Kampala kwa wiki mbili, kwa nauli ya mradi, kujifunza kutengeneza mashine ya kumenya karanga maganda. Kwa sasa wale wanawake wawili humenya kwa kusugua viganjani.

"Nikirudi nayo, kina mama hawa watapumzika," anasema.

"Nani kakwambia tunataka kupumzika?" Rosalia anauliza, akimimina karanga kwenye ungo. "Tunataka kilo mia."