Baba Alipopanga Foleni ya Basi

Sisi tuliokulia Msimbazi enzi za Ujamaa tulijua kupanga foleni kabla hatujajua kusoma. Foleni ya sukari, ya sabuni, ya unga wa njano. Wala hukulazimika kusimama: unaweka jiwe, kikapu au kandambili, unakwenda zako kucheza rede. Ukirudi, jiwe lako limesogezwa mbele kwa heshima zote. Watoto wa leo ukiwasimulia wanadhani umezeeka vibaya.

Nilipofaulu kwenda sekondari, nilipangiwa shule ya kutwa upande wa Kurasini. Baba, fundi cherehani, akagoma. "Mtoto wa kike hatembei mwendo wote ule!" Mama akamkumbusha kuwa serikali imeleta mabasi mapya, yale marefu tuliyoyaita kumbakumba, na nauli ya mwanafunzi ni senti tu. Baba akasema atayapima mwenyewe. Yasipoaminika, nibaki nyumbani nimsaidie kushona. 

Asubuhi akafika kituoni Gerezani, akavua kubazi moja, akaliweka kwenye foleni, akaenda kunywa kahawa. Basi likaja kwa saa yake, likapakia watu, likaondoka. Akarudi nyumbani amefura. "Basi gani lisilo na adabu? Hakuna shule!" Nililia mpaka kwikwi.

Mama akamtazama miguuni. "Baba watoto, basi linapakia watu, halipakii makubazi. Kesho kasimame mwenyewe."

Kesho yake akasimama. Kondakta, dada mmoja mwenye sare iliyopigwa pasi ikanyooka, akamwambia, "Shikamoo mzee, sogea ndani tafadhali." Baba akaenda Kurasini, akarudi, akaenda tena, nadhani kwa starehe tu. Alipoingia nyumbani alisema neno moja: "Aende."

Nikapanda basi lile miaka minne, nikawa mwalimu. Leo mwendokasi inapita palepale Gerezani, na wajukuu wangu wananuna wakisubiri dakika kumi. Mimi pia hununa ikichelewa, sidanganyi. Lakini nikiona wasichana wa shule wanapanda, sina shaka hata chembe: fedha ya umma iliyowekwa kwenye basi haijapotea.

Natamani tu mabasi yale yangewahi kidogo. Dada yangu Mwajuma alifaulu miaka miwili kabla yangu, yakiwa hayajaletwa, akabaki nyumbani kushona. Naye alikuwa na akili kunizidi.