Madirisha Meupe ya Boti la Patroni

Kole ya tyubu, gundi ile ya kubandikia kandambili zilizokatika, ina harufu inayochoma pua na kuliza macho, na mimi nikiisikia hadi leo mate yananijaa mdomoni kama ya mtu anayetaka kutapika. Wenzangu wakikumbuka utoto wao husimulia mvua ya kwanza na maandazi ya bibi. Hongera zao. Utoto wangu mimi unanuka kole na ndagala. Tulikaa Kalundu, juu kidogo ya bandari, na kiangazi kile wavuvi walipata ndagala wengi hata mchanga wote wa ufukweni ukafunikwa na visamaki vilivyoanikwa, na nzi wakaja kama watu walioalikwa harusini. Nzi wale! Walitua juu ya ugali, juu ya vidonda, juu ya midomo ya watoto waliosinzia. Mama yangu alikuwa na sheria moja ya nyumba: kisichofunikwa kimeharibika. Ugali ulifunikwa, maji yalifunikwa, hata chanuo lake alilifunika kwa kitambaa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na mkono wangu ulikuwa umezoea kufunika kila kitu bila kuambiwa.

Baba yangu alikuwa fundi wa redio. Alitengeneza hasa zile redio za kuongelea ambazo sisi tuliziita fonia, zile ambazo maboti ya ziwani hutumia kuitana na bandari. Kazi ilikuwa ya kubahatisha: leo fonia imeharibika, baba yuko, mwezi mzima hakuna kilichoharibika, baba anakaa mlangoni akijifanya anasoma gazeti kuukuu. Basi kulikuwa na tajiri mmoja mwenye maboti matatu, mtu wa tumbo na kicheko, ambaye bandari nzima ilimwita Patroni. Aliporudi kutoka safari yake ya Dubai alileta boksi, na ndani ya boksi kulikuwa na boti dogo la plastiki lililokatwakatwa vipande, vingine vidogo kama punje ya mchele, linalongojea mtu wa kuliunganisha. Alitaka kuliweka juu ya meza ya ofisi yake. Akamwambia baba kwamba fundi atakayeliunganisha bila kulichafua ndiye atakayemkabidhi fonia za maboti yake yote matatu, kazi ya kudumu. Kwa nyumba yetu hilo halikuwa jambo la mchezo. Mama alianza kutuombea mezani kila siku, boti la plastiki likitajwa kwa Mungu pamoja na wagonjwa.

Baba aliunganisha kwa wiki mbili, nami nikiwa msaidizi wake, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinene na macho yake yalikuwa yameharibiwa na moshi wa kulehemu nyaya. Ndani ya boksi kulikuwa na kole yake maalumu, ambayo iliyeyusha plastiki kidogo na kuishikanisha, na kwa mwili wa boti ilifaa sana. Kasheshe ilikuwa madirisha. Chumba cha nahodha kilikuwa na madirisha tisa, yote kipande kimoja cha plastiki angavu, na nyuma yake usukani mdogo ambao Patroni alikuwa ameupenda kuliko kitu chochote. Kwenye karatasi ya maelezo, pembeni ya picha ya madirisha, walichora ile kole ya boksi na kuipiga msalaba. Baba akaelewa: hapa usiitumie, itayeyusha kioo. Akaenda kwa jirani yetu Fundi Zakaria, seremala, mtu mkimya aliyekuwa wakati huo akitengeneza milango na viti vya boti jipya la Patroni huyohuyo. Fundi Zakaria akampa kole yake ya mbao ndani ya kifuniko cha chupa, akaja mwenyewe hadi kwetu kunionyesha jinsi ya kuipaka kidogokidogo kwa ncha ya njiti ya ufagio.

"Leo iko nyeupe," aliniambia. "Kesho hautaiona tena. Lakini usiifunike, iache ipate upepo."

Jumamosi baba aliitwa bandarini, akaniachia madirisha. Nilikaa peke yangu na kifuniko kile, nikakitazama, nikakunja uso. Kole ya Fundi ilikuwa nyeupe na nzito kama maziwa yaliyoganda, ilinuka uchachu, na ilinitia kinyaa. Nikajiuliza, kitu cheupe namna hii kitapakwaje kwenye kioo kisionekane? Mzee huyu anatudanganya. Na pale kwenye rafu ilikuwapo tyubu ya mama ya kandambili, ambayo ndani yake kulikuwa na kole safi kama maji ya kisima, tena ya kushika papo hapo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini nani anamwambia mtoto aliyekwisha kujiona mjanja? Nikachukua tyubu. Nikapaka ukingo wote, nikabandika madirisha, yakashika mara moja, yakapendeza hata nikacheka peke yangu. Nzi wakaanza kuzunguka. Nikafanya nilichofunzwa: nikachukua beseni la mama nikalifunika boti, nikaenda kuchota maji nikiwa nimeridhika kabisa na nafsi yangu.

Niliporudi nikafunua beseni. Mvuke wa kole ya tyubu, uliofungiwa mle na beseni, ulinipiga usoni hata nikarudi nyuma, na macho yalipotulia nikaona madirisha yote tisa yamekuwa meupe. Ukungu mkavu, kama mtu amepuliza unga wa muhogo na unga ukagoma kuondoka. Nikafuta kwa kitenge, nikafuta kwa mate, nikafuta kwa mafuta ya taa. Aa wapi! Usukani haukuonekana tena. Sasa sikiliza nilichofanya, maana hapa ndipo ninapojichukia. Sikulia. Nilirudisha tyubu mahali pake, nikakaza kizibo chake vizuri. Kisha nikachukua ile kole nyeupe ya Fundi Zakaria na njiti ya ufagio, nikaipaka taratibu juu ya ukingo wa madirisha, ili baba akija aione. Baba alipoingia na kusimama mbele ya meza, nilikuwa na jibu tayari.

"Papa, ni kole ya Fundi Zakaria. Iko mubaya."

Baba alilibeba boti mikononi kama mtoto mgonjwa, akaenda moja kwa moja kwenye karakana ya jirani, nami nyuma yake. Palikuwa na wateja, palikuwa na wapagazi waliokuwa wakipumzika kivulini. Mbele ya wote hao baba alimwita Fundi Zakaria mwongo, hasidi, mtu asiyependa kuona mwenzake anakula. Fundi aliweka randa chini. Aliomba alishike boti alitazame, baba akakataa asiliguse. Basi akalitazama kwa mbali, akauona ule ukungu, halafu akanitazama mimi. Niliangalia vidole vya miguu yangu, na vidole vya mikono nikavificha ndani ya gauni, kwa maana kole ya tyubu ilikuwa imeganda kwenye ncha zake na ngozi ilikuwa ngumu kama magamba.

Siku ileile baba alimpelekea Patroni boti na maelezo. Patroni hakumkasirikia, alisema mwili wa boti umeunganishwa vizuri kuliko alivyotarajia, na fundi asihukumiwe kwa kosa la jirani. Fonia zote tatu akampa. Lakini akasema pia kwamba mtu anayetoa kole ya namna ile hawezi kumwamini na milango ya boti litakalobeba watu majini, na jioni watu wake wakaenda kuchukua mbao zao kwa Fundi Zakaria. Mama alipika samaki, mikeke ya kukaanga, kwa kusherehekea. Ningependa kuandika hapa kwamba samaki yule alinikwama kooni. Hakunikwama. Nilikula vizuri, nikaramba na vidole.

Kesho yake, tulipotoka kanisani, tulikuta kipande cha kioo kimewekwa kwenye dirisha letu, na katikati yake tone la kole nyeupe. Hakuna aliyeuliza kimetoka wapi. Jumatatu asubuhi tone lile lilikuwa limekauka, na huwezi kuliona mpaka upitishe kidole. Baba alipitisha kidole. Akaenda kwenye rafu, akachukua tyubu ya mama, akainusa, kisha akaunusa mkono wangu. Nilingojea kofi, niliapa moyoni kwamba likija nitalipokea na nitakwenda mwenyewe kwa Fundi. Kofi halikuja. Alikifunga kioo ndani ya gazeti, akakikanyaga kikavunjika, akakitia kwenye takataka.

"Furaha," alisema, "hii mambo iishie hapa."

Nimewahi kusamehe mengi ya wazazi wangu, lakini sentensi ile bado inanichefua. Mimi nilikuwa mtoto mwoga. Yeye alikuwa mtu mzima, mwimbaji wa kwaya, na aliona fonia tatu na jirani mmoja akachagua fonia. Siri ya mtungi aijuaye kata: mimi na baba tuliishi miaka na miaka tukipishana uani bila kuinua macho. Fundi Zakaria alikosa wateja, maana habari bandarini haihitaji fonia. Watoto walizusha msemo: kitu chochote kibovu, ahadi ya uongo, kiti kinachoyumba, waliita kole ya Zakaria. Nami nilisema, nikacheka na wenzangu. Kabla ya mwaka kuisha alifunga karakana, akahamia Bwegera kulima mpunga. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Uongo wangu ulinisomesha, ukaezeka nyumba yetu mabati, na ndani ya nyumba hiyo ninakaa hadi sasa.

Siku hizi vitu vimebadilika. Mpwa wangu ana miaka kumi na miwili na anaunganisha ndege na malori ya plastiki anayotumiwa na shangazi yake. Juzi alifika kwenye vioo vya ndege, akaniuliza atumie kole gani, na kabla sijafungua kinywa simu ilikuwa imemjibu: ya mbao, ile nyeupe, na usifunike. Dakika moja tu. Alishangaa kuniona nimekaa chini. Wiki ile nikapanda gari hadi Bwegera, nikaulizia, nikaonyeshwa mzee anayegeuza mpunga juu ya turubai uwanjani. Nikapiga magoti, nikamwambia yote, tyubu, beseni, njiti ya ufagio, kioo kilichokanyagwa. Hakuacha kugeuza mpunga wake.

"Nilijua, mwanangu," alisema. "Miye nilikuwa namungoya papa yako aje."

Nikamwambia baba tumemzika, huu ni mwaka wa tatu. Mikono yake ikasimama. Akauliza kama marehemu, alipokuwa akiumwa, aliwahi kulitaja jina lake. Jibu tamu lilikuwa tayari ulimini mwangu. Lilikuja upesi kama siku ile ya boti. Ningesema ndiyo, mzee angelala vizuri, na nani angenikosoa? Nikaliona lilivyo laini, nikalichukia.

"Hapana, Fundi," nilimwambia. "Hakukutaja."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kugeuza mpunga. Nilibaki pale magotini hadi jua lilipohama, na hakuniambia niinuke.