Kapu Lililorudi Limejaa

Michembe ikichemka hutoa harufu ambayo mtu asiyekulia Usukumani hudhani kuna kitu kimeungulia jikoni. Ni harufu ya moshi kidogo, udongo kidogo, na utamu wa mbali unaokuja baadaye. Michembe yenyewe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa, viwekwe viliwe wakati hakuna kingine. Siku hizi naishi Kahama, na kila nikipita sokoni nikaipata harufu hiyo kwenye sufuria ya mama lishe, miguu husimama yenyewe. Wajukuu hunivuta mkono wakidhani nimechoka. Sijachoka. Nimerudi Shinyanga, kwenye ua wetu nyuma ya stesheni ya treni, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa msichana wa miaka tisa hivi, mwaka ambao mvua ilitugomea na mbuga zote zikawa vumbi jeupe.

Baba yangu alikuwa karani wa mizigo pale stesheni. Kwao ni Tabora, Mwislamu wa kuzaliwa, mtu mpole, nadhifu kupita kiasi, aliyependa kila jambo liwe na mahali pake. Mama alikuwa Msukuma wa upande wa Kolandoto. Alisilimu alipoolewa, akajifunza kuvaa kanga vizuri na kupika pilau, lakini hasira zake na huruma zake zilibaki za kwao. Kiswahili chetu watoto kilikuwa cha baba; tukigombezwa, tuligombezwa kwa Kisukuma. Nyumba ilikuwa ndogo, yenye vyumba viwili na jiko la nje, na kwenye pembe ya jiko mama aliweka mtungi wa mtama aliouleta kutoka kwao. Mwaka ule aliufunika kwa jiwe zito, na alikuwa akiuchungulia mara nyingi kuliko alivyotuchungulia sisi.

Kila Ijumaa baba alivunja shilingi akapata senti, zile za zamani zenye tundu katikati. Baada ya swala alinichukua tukapita barazani mwa maduka ya Wahindi na Waarabu, ambako vipofu, wakoma na vikongwe wasio na mtu walikaa kwa mstari wakingoja sadaka. Baba aliangusha senti moja katika kila kiganja, haraka haraka, macho yake akiyapeleka kwingine. Nilidhani anaona kinyaa. Siku moja nikamuuliza kwa nini hawatazami. Akaniambia, "Sadaka haina jina, Zaina. Ukimtazama usoni utamwaibisha, na wewe utaanza kujiona mkubwa. Toa, pita." Alisema kwa upole, na nilimpenda kwa hilo. Mpaka leo nasema kwamba baba yangu hakuwa na roho mbaya, na hilo ndilo linalonikata maini.

Basi ukame ulipokolea, watu wa vijijini wakaanza kuingia mjini. Wengi waliishia kwenye zile baraza. Asubuhi moja akaingia uani kwetu bibi mmoja mrefu, mkavu, mweusi tii, mgongoni kambeba mtoto wa kike wa mwaka mmoja na kitu. Kichwani alikuwa na kapu tupu. Hakupiga hodi kwa unyonge wa waombaji tuliowazoea. Aliingia kama aliyetumiwa habari aje, akalishusha kapu, akalifunika kinywa chini, pembeni mwa mlango wa jiko, kisha akakaa chini akanyoosha miguu. "Mwangaluka, mayu," akamsalimu mama. Mama akaitikia, akaacha kila alichokuwa akifanya. Wakaulizana habari za mvua, za ng'ombe waliokufa, za wagonjwa, za waliozaliwa. Kapu halikutajwa hata kidogo. Nilishangaa, maana hata mimi mtoto niliona kuwa lile kapu ndilo lililomleta. Mama akasonga ugali, wakala, mtoto akalishwa uji. Walipomaliza ndipo mama akaliinua kapu, akaliondoa jiwe la mtungi, akapima mtama pishi nzima na kidogo cha juu.

Yule bibi aliitwa Ng'wana Shija, yaani binti wa Shija, na mjukuu wake alikuwa Kabula, jina wanalopewa watoto wa kike wanaozaliwa wakati wa mvua. Mama yake Kabula alikuwa amefariki. Kabla hajaondoka, Ng'wana Shija alimuuliza mama jina lake, jina la mumewe, na jina langu, akayarudia kwa sauti moja baada ya jingine. Kisha akaniambia kwa Kiswahili chake kisicho na ile herufi inayowasumbua Wasukuma, "Zaina, mimi nitaludisha. Mavuno yakija, nitaludisha." Nikacheka kwa jinsi alivyotamka. Mama akanitazama jicho moja, kicheko kikanikauka.

Jioni baba alipoambiwa, hakukasirika kuhusu mtama. Alichosema ni kwamba mjini si kijijini, kwamba ukifungulia mmoja ua kesho watakuja kumi, na kwamba ombaomba wana siku yao na mahali pao. Mama akaacha kuchambua mboga. "Yule si ombaomba," akasema. "Yule anahemea." Baba akauliza kuna tofauti gani, wote si wanataka chakula? Mama akamweleza, na mimi nilisikia kwa mara ya kwanza jambo ambalo kwao lilikuwa la kawaida kama kunawa mikono. Njaa ikiingia kwenu, unabeba kapu tupu unakwenda kwa mtu ambaye kwake kumebaki kitu. Hunyooshi mkono; unakaa kama mgeni. Ukipewa, unashika jina la mlango ule. Mwaka ukigeuka, unarudi na kapu limejaa. Mwenye nyumba anapokea, anamimina, lakini chini ya kapu anakubakizia konzi moja ya nafaka ili lisirudi tupu. Konzi ile maana yake ni kwamba mlango uko wazi, na yeye naye akipungukiwa atakuja kwako. Baba alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema ni mila nzuri. Kisha akaomba maji ya kunawa.

Ng'wana Shija alikuja tena mara kadhaa msimu ule, na kila alipokuja Kabula alikuwa amepata nyama kidogo mashavuni. Tulizoea kumsikia akikohoa njiani kabla hajaingia. Siku nyingine mama hakuwa na cha kumpa ila makapi na maji ya moto, wakakaa vilevile, wakazungumza vilevile. Baba alimkuta mara moja, akampa senti. Ng'wana Shija akaishika, akamuuliza, "Jina lako ndilo lile aliloniambia mama Zaina? Nisije nikakosea kulipa." Baba akacheka mpaka machozi. Habari ikaenea barazani, maana hata wenye maduka waliompa kitu aliwauliza majina yao. Muuza vitambaa mmoja alikasirika kabisa, akadai bibi huyu anataka kumharibia thawabu zake. Watoto wa mtaani wakampa jina la utani, Bibi Jina-Lako-Nani, na yeye aliitika tu.

Mvua ikaja, jamani. Iliponyesha siku ya kwanza mama alitoka uani akasimama katikati yake na kanga yake mpya. Mtama ukaota, viazi vikazaa. Wakati wa mavuno mama alikwenda kwao kumhudumia mdogo wake aliyejifungua, akatuacha mimi na baba. Na katika siku hizo hizo ndipo Ng'wana Shija alipotokea. Kapu lilikuwa limejaa mpaka linamwagika: mtama mwekundu uliopepetwa vizuri, na juu yake michembe myeupe, safi, ya kuchagua. Alikuwa amepaka mafuta. Kabula alikuwa akitembea mwenyewe, kashika upindo wa nguo ya bibi yake, kiunoni ana uzi wa shanga. Ng'wana Shija akalishusha kapu mbele ya baba, safari hii kinywa kikiwa juu, akasema, "Baba Zaina, nimeludisha."

Baba aliguswa sana. Akamwambia, "Mama, mimi nakula mshahara. Wewe umetoka kwenye njaa juzi tu. Chukua, kale na mjukuu wako." Ng'wana Shija akadhani hakusikia vizuri, akarudia. Baba akarudia naye. Akamwambia kwamba kile kilitolewa kwa ajili ya Mungu na kikishatolewa hakirudi, akaingia ndani akatoka na senti, akaiweka juu ya michembe. Ng'wana Shija aliitazama ile senti kwa muda mrefu.

"Nimekosa nini, baba?"

"Hukukosa kitu, mama. Nenda kwa amani."

Akainama. Lile kapu lilikuwa zito, na ilibidi nimsaidie kulipandisha kichwani. Akatoka na Kabula wake. Baba alibaki ameridhika, na jioni ile aliimba kasida akinyoosha kanzu.

Mama aliporudi nilimsimulia kwa furaha, nikidhani nampa habari njema. Aliuliza neno moja tu: kapu lilirudi limejaa? Nikasema ndiyo. Akakaa chini pale pale mlangoni, na mzigo wake bado mkononi. Baba alipofika kutoka kazini akamwambia, "Umemfukuza." Baba akasema, "Nimemwachia chakula chake chote, nikamwongezea na senti, wewe unasema nimemfukuza?" Mama akamjibu kwamba kwao kapu linalorudi limejaa ni mlango uliofungwa, ni kumwambia mtu kwamba hutaki chake na hutaingia kwake, basi naye asije akaingia kwako. Walivutana usiku kucha. Asubuhi mama akafunga safari kumtafuta. Na hapo ndipo tulipogundua jambo la aibu. Mwanamke yule alijua majina yetu sote, lakini sisi hatukujua hata kijiji chake. Tulijua tu kwamba yeye ni binti wa Shija, na akina Shija katika Usukuma ile hawana idadi. Mama aliuliza njia nzima mpaka Kolandoto na kwingineko, akarudi miguu imepasuka.

Mwaka uliofuata mvua ilikatika mapema, na njaa ikawa mbaya kuliko ile ya kwanza. Mama aliweka akiba mtama wa kapu moja, hakuruhusu uguswe hata tulipokula mlenda mtupu. Kila akisikia mtu akikohoa njiani alitoka nje kutazama. Wengi walipita. Yule hakuja.

Nilimwona Ijumaa moja barazani. Nilikuwa na baba kama kawaida, yeye akiangusha senti, mimi nyuma yake. Ng'wana Shija alikuwa amekaa kati ya kipofu na kikongwe mmoja, amejikunja, hana kapu. Baba alidondosha senti kiganjani mwake akapita, maana hakuwa akitazama nyuso. Mkono ukajifunga. Hakuuliza jina la mtu. Mimi nikasimama, nikasema, "Shikamoo bibi." Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikamuuliza Kabula yuko wapi. Hapo akaniangalia, akanitambua.

"Kabula tumemzika," akasema. "Kiangazi hiki hiki."

Baba alikuwa amesikia jina, akarudi. Alimtambua. Akamuuliza kwa nini hakuja nyumbani, mtama upo, mama Zaina amemtunzia. Ng'wana Shija akajibu taratibu, bila ugomvi, kwa kile Kiswahili nilichokuwa nimekicheka. "Nilifika mpaka mtaani kwenu, nimembeba. Nikasimama pale kwenye kona ya stesheni. Sasa ningeingiaje, baba? Kapu langu lilikuwa limeludi limejaa." Baba akamwomba anyanyuke waende nyumbani sasa hivi. Akamshika hata mkono, yeye aliyekuwa hagusi kiganja cha mtu. Akamwambia atapokea chochote atakacholeta, mwaka wowote, hata konzi moja. Bibi akauchomoa mkono wake polepole, akaufungua tena mbele yake.

"Wewe nipe tu senti, baba. Hapa hakuna kuludisha."

Akampa zote zilizobaki. Kipofu akaanza kulalamika kwamba mwenzake kapewa nyingi. Mama alikwenda Ijumaa iliyofuata na ule mtama, na nyingine, na nyingine. Akaambiwa yule bibi alichukuliwa na watu wa serikali ya mji pamoja na wenzake, wakapakiwa kwenye lori, na hakuna aliyejua walikoshushwa. Baba hakuacha kutoa sadaka. Ila tangu siku hiyo alitoa akitazama nyuso, na nadhani kila uso ulimwumiza.

Baba na mama wote wawili wamekwishatangulia. Mimi hapa Kahama nimeona dhahabu ikileta magari, magorofa na wageni kutoka kila pembe ya nchi, na imeleta baraza ndefu kuliko zile za Shinyanga. Stendi, benki, misikitini, makanisani, mikono imenyooshwa. Nyumbani kwangu wanabishana kila wiki. Mjukuu wangu wa kiume anasema usiwape, kuna watu wanawatuma na jioni wanawanyang'anya. Mama yake anasema toa, Mungu ndiye atakayejua. Wakinigeukia mimi niamue, nasema naumwa kichwa. Ningewaambia nini? Mama yangu aliwahi kuwa na jibu, lakini jibu lile lilihitaji kapu, na shamba la kulijazia kapu, na mvua, na mtu anayeamini kwamba mwakani atakuwa na kitu cha kukuletea. Siku hizi simwoni mtu wa namna hiyo, si kwa anayeomba wala kwa anayetoa.

Mwezi uliopita nilijaribu. Mwanamke kijana alikuwa amekaa nje ya duka la dawa, mtoto kalala mapajani. Nikainama kwa shida, nikampa noti, nikamwambia mimi naitwa Bibi Zaina, nakaa nyuma ya soko, nikamuuliza yeye ni nani na kwao ni wapi. Uso ukambadilika. Alitazama kulia na kushoto, akidhani nimetumwa kuwaandika ombaomba waje wakamatwe. Akamnyanyua mtoto, akafunga kanga, akaondoka upesi kuelekea stendi. Noti aliiacha pale chini.