Mbuzi wa Mtihani

Nilifeli mtihani wa darasa la nane nikiwa nimeshaoa. Aibu yangu ilianzia hapo, maana baba wa mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ileile niliyofelia, pale Ilongero, na alikuwa amenipa binti yake akiamini anampa mwalimu mtarajiwa.

Kwetu mkwe haangaliwi usoni. Ukikutana naye njiani unampisha, unasimama pembeni na kumsalimu huku umetazama mtama. Kabla ya ndoa nilimwangalia kama mwalimu mwingine yeyote. Mahari ilipopokelewa, ruhusa hiyo ikaisha.

Mwaka uliofuata mkwe wangu alimwomba mkaguzi wa shule, Mzungu asiyependa maneno mengi, turuhusiwe sisi tuliofeli kurudia mtihani mara moja tu. Mkaguzi akakubali. Jioni, watoto wakishatoka, tuliingia darasani kwake sisi vijana wachache na ndevu zetu, magoti yakigonga madawati. Nikishindwa safari hii, chuo cha ualimu ningekisikia kwa wenzangu tu, na ningebaki kuchunga ng'ombe wa baba yangu waliosalia baada ya mahari.

Sasa jamani, unafundishwaje na mtu usiyeweza kumwangalia? Nilikaa nyuma, nimeinamia dawati. Yeye aliuliza maswali akitazama dirishani: "Yule wa nyuma atuambie." Nilijibu kwa sauti ya mtu anayeungama dhambi, na wenzangu wakacheka mpaka machozi. Alipokuwa ubaoni sikuthubutu kuinua kichwa, kwa hiyo hesabu za sehemu nilizisikia tu, sikuziona. Kila zoezi nilikosa. Wenzangu wakikosa walichapwa. Mimi nikikosa niliachwa, na kule kuachwa kuliniuma kuliko fimbo.

Nilimwambia mke wangu kwamba naacha. Alijitanda khanga yake, akaenda kwao.

Kesho yake asubuhi tukasikia mbuzi analia nje. Mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa boma letu, kamba mkononi. Mama yangu alikimbilia ndani. Kwetu kila mtu anajua mbuzi wa namna hiyo: wakwe wakitaka kuondoleana aibu ya kutazamana, kijana humpelekea mzee mbuzi. Ni kijana anayepeleka, si mzee. Majirani waliokuwa wakipura uwele waliacha kazi, wakaja kutazama bila hata kujificha.

"Mkwe wangu," aliita, "nimeleta mbuzi. Nataka kuona macho yako, nijue umeelewa au hujaelewa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee mzima, mwalimu, amevuta kamba kutoka kwake mpaka kwetu kwa ajili ya ujinga wangu wa hesabu! Nilitoka, nikapokea kamba, maana kukataa kungekuwa tusi, kisha nikainua uso. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyokumbuka, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu ambaye hakulala.

"Haya," akasema. "Jioni ukae mbele."

Jioni nilikaa mbele. Nilikosa kugawanya, nikachapwa, na moyoni nikashukuru. Tangu siku hiyo alinifundisha akinitazama. Akiona nimekunja uso, alifuta ubao na kuanza upya, hata wenzangu wakilalamika kwamba jua linazama. Nami kila nilipomwangalia nilimwona yule mbuzi.

Nilifaulu. Matokeo yalipofika nilikwenda kwake mbio, nikamkuta uani akitia jembe mpini.

"Shikamoo baba! Nimefaulu!"

Nilimkazia macho kwa furaha. Yeye akainamisha uso, akaendelea kutazama jembe.

"Marahaba. Umenifurahisha sana. Lakini mbuzi yule alikuwa wa mtihani, na mtihani umekwisha. Nenda ukamwambie mkeo."

Nilishusha macho, nikarudi kinyumenyume mpaka njiani. Nilipoanza kufundisha nilimpelekea mbuzi wangu, tena mnono. Alituma neno kwamba anashukuru, ila adabu ibaki kama ilivyo. Basi tukaishi hivyo, tukipishana kando ya mashamba, mimi nikijua viatu vyake kuliko ninavyojua vyangu. Uso wake sikuuona tena mpaka siku tuliyomzika, na hata siku hiyo niliona aibu kumtazama.