Jiwe Lililokuwa Ukuta

Chumba cha nyuma cha nyumba yetu kina kuta tatu. Upande wa nne ni jiwe. Wanaoishi milimani hapa Mwanza watanielewa: unapata kiwanja, unakuta jiwe limekwishakaa pale, kubwa kuliko nyumba utakayoimudu, basi unaliacha liwe ukuta na unashukuru kwamba matofali yamepungua. Bati unalisogeza mpaka likaribie jiwe, pengo unaliziba kwa saruji, maisha yanaendelea. Yetu yaliendelea vizuri kwa miaka mingi, mpaka chumba hicho kilipoanza kuvuja.

Mwaka jana bibi yangu, mama yake mama, alikuja kututembelea kutoka kisiwani, Nansio, tukampa chumba hicho kwa sababu ndicho chenye utulivu. Asubuhi ya pili mvua ilimkuta bado kitandani ikamdondokea shingoni. Hakulalamika. Alijifunga kitenge, akanywa chai, akauliza meli inaondoka saa ngapi. Tangu hapo kila alipoalikwa alijibu kwamba hata jiko lake lililoezekwa nyasi halivuji.

Mwaka huu lakini halikuwa suala la kutembeleana. Mtoto wa jicho alikuwa ameliziba jicho lake la kulia, na hospitali ya hapa mjini ilimpangia upasuaji siku ya Jumatatu. Baada ya hapo alitakiwa kukaa karibu na daktari kwa wiki kadhaa, na jicho lisiguswe na maji hata kidogo. Bibi alikubali kuja kwa sharti moja.

"Nilale pakavu," alisema kwenye simu. "Nikidondokewa tena, naondoka na jicho langu kama lilivyo."

Mama alicheka mpaka alipokata simu. Kisha akaenda chumba cha nyuma kutazama dari.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo miezi minane nyuma, shahada ya takwimu, na nilikuwa nikisubiri majibu ya maombi ya kazi. Nikamwambia Mama aniachie paa. Mtu mwingine angeita fundi. Mimi nilifungua daftari. Nilichora dari ya chumba, nikaigawa miraba, na kila mvua iliponyesha nilikaa kwenye stuli na kuandika tone limeangukia mraba gani na baada ya dakika ngapi. Nilitazama video za watu wanaoziba mapaa katika nchi ambazo nyumba zake hazina bati. Niliwaza kutu. Niliwaza upepo wa ziwani unaotikisa bati. Kwa siku mbili nzima niliamini ni kunguru.

Mwishowe nikaamua kwamba ni misumari. Bati lililokuwa juu ya miraba yenye matone lilikuwa na misumari kumi na tisa, na mimi nilikuwa na kopo la lami. Basi kila jua lilipotoka nilipanda paani na kijiti changu, nikapaka kichwa cha kila msumari, kisha nikarudia, kwa kuwa nilipofika wa kumi na tisa nilikuwa nimeanza kuutilia shaka wa kwanza.

"Shuka huko," Mama alisema. "Majirani watasema nyumba hii haina mwanaume."

"Si kweli haina, Mama?"

"Ni kweli. Ndiyo ukawatangazie kutoka juu?"

Jirani aliyekuwa karibu zaidi kusema lolote ni mama mmoja ambaye nyumba yake iko juu yetu, ng'ambo ya jiwe hilohilo. Uwanja wake unatazama paa letu kama mtu anavyotazama meza. Kila siku alikuwa hapo akichambua dagaa. Shikamoo nilimpa, lakini bila kuinua kichwa, nisije nikapoteza hesabu.

Jumatano, siku mbili kabla Bibi hajafika, kazi yangu ilikamilika. Paa lilikuwa na madoa meusi kama chui. Saa nane mchana mvua kubwa ikaja kutoka ziwani. Mama na mimi tukaingia chumbani, tukatazama juu. Dakika ya sita, mraba uleule, tone likashuka. Likafuatwa na jingine.

Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Nitampigia asije," alisema. "Akishuka melini akakuta hivi, hatakubali tena kuguswa na daktari maisha yake yote."

Nikatoka nje nikasimama uani mvua ikininyeshea, nikitazama paa kana kwamba lingeona haya. Ndipo niliposikia kicheko kutoka juu.

"We binti! Leo ndiyo umetoka na mvua?" Jirani alikuwa amesimama barazani kwake, kitenge kichwani. "Panda huku uione nyumba yenu!"

Nikapanda ngazi za mawe, viatu mkononi. Aliponionyesha kwa kidole, sikuhitaji daftari. Maji yote ya mlima ule yalikuwa yakikusanyika kwenye mfereji wa asili juu ya jiwe, yakishuka kwa kasi kama bomba lililofunguliwa, na pale jiwe linapokutana na bati letu yalitoweka. Saruji ya kuziba pengo ilikuwa imepasuka upana wa kidole. Maji yaliingia chini ya bati, yakatambaa juu ya mbao, yakadondoka mbali kabisa na yalikoingilia. Paa lenyewe halikuwa na kosa. Nilikuwa nimepaka lami misumari isiyo na hatia.

"Mama, umelijua hili tangu lini?" nilimwuliza jirani.

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza! Nakuona jua likiwaka umepanda, mvua ikinyesha umejificha ndani. Nikasema huyu hatafuti maji, huyu amepata ajira ya kuota jua. Na ile penseli mdomoni! Nani amkatize msomi?"

Nilitaka kukasirika nikashindwa, kwa sababu alikuwa akicheka hadi anajishika mbavu, na mimi nikajikuta nacheka naye.

Asubuhi ya Alhamisi kulikuwa kukavu. Jirani alishuka na mwiko wa kujengea, akavua kandambili, akakanyaga jiwe kama anakwenda sokoni. Alisugua ukoga kwa brashi ya waya, akanituma mchanga, akakoroga saruji nzito. Hatukugusa paa kwanza. Alijenga tuta jembamba juu ya jiwe, limelala mshazari, ili maji yakifika hapo yageuzwe na kupelekwa pembeni kwenye mtaro wa ngazi. Baada ya hapo ndipo tulipobomoa saruji iliyopasuka, tukaingiza kipande cha bati kilichokunjwa kiunganishe jiwe na paa, na kuziba upya. Niliuliza maswali arobaini. Alijibu kama kumi.

"Na tuta likipasuka?"

"Utalijenga tena. Umeona lilivyojengwa."

Tulilifunika kwa turubai mpaka likakauka. Ijumaa Bibi alifika, Jumatatu akapasuliwa, Jumanne akarudi nyumbani na kitambaa cheupe jichoni, tukamlaza chumba cha nyuma. Siku zote hizo haikunyesha hata tone. Nilikuwa nimemwaga ndoo kumi na mbili kwenye jiwe kujaribu, lakini jirani alinikumbusha kwamba wingu halichoti kwa ndoo.

Jumanne ileile, saa tisa alasiri, anga ya ziwani ikawa nyeusi. Nikakaa kwenye stuli kando ya kitanda cha Bibi. Mvua ilipiga bati mpaka tukawa tunasemeshana kwa kelele. Dakika ya sita ikapita. Ya kumi. Ya ishirini.

"Mbona umekodoa macho juu?" Bibi alipaza sauti. Jicho lililobaki nalo lilikuwa hafifu, lakini alikuwa ameniona.

"Natazama tu, Bibi."

"Panavuja?"

"Hapavuji."

"Basi tazama chini, unanichosha shingo."

Mama akaingia na uji. Kabla hajaketi alipapasa blanketi miguuni, kisha begani, kisha mto.

"Nyie mnanipapasa nini?" Bibi alisema. "Nimekauka kama dagaa. Nipe uji." Alikunywa nusu kikombe, akasikiliza mvua kidogo, akamgeukia Mama. "Hili la kushoto nalo, daktari alisema analifanya lini?"

Mama alimjibu kwamba ni baada ya mwezi na nusu, hili la kulia likishapona. Bibi akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na uji. Mama akatoka haraka mpaka sebuleni, akampigia mjomba kule Nansio, na nilimsikia akipiga kelele kuishinda mvua: kuku wa Bibi awalishe yeye, na aache kuuliza mpaka lini.