Rufaa ya Maulid na Mashahidi Wake Wema

Hapakuwa na mzima hata mmoja pale Shahe, kwenye masoko ya nguo ya Guangzhou, aliyesifiwa kama mgonjwa Maulid.

Alifanya kazi kwenye stoo ya kargo ya Ghalib, akifunga marobota ya nguo ya wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Unguja. Robota alilolifunga Maulid halifumuki njiani. Tena hasinzii. Paka akipita nyuma ya makontena, Maulid ameshasimama. "Mlinzi kama huyu Mungu humpa mtu mara moja," Ghalib alipenda kusema, na wala hakujiuliza mtu inakuwaje asisinzie miaka yote hiyo.

Aliyejua ni mkewe, Mwanahija. Maulid alikuwa askari. Alipelekwa nchi ya watu kulinda amani, gari lililokuwa mbele yao likalipuliwa, na ndani yake alikuwamo rafiki yake, Chacha. Angerudi hana mguu, watu wangempokea kwa machozi. Alirudi na miguu yote miwili, wakampokea kwa pilau. Hakuna aliyeona kwamba kilichorudi ni mwili, na mwenyewe bado yuko kule, anamsubiri Chacha atoke kwenye moshi.

Mwanahija alimsitiri mumewe, kama alivyofundishwa kwao. Maulid akishindwa kutoka kitandani, hodi ikipigwa, yeye hujibu, "Ana homa kidogo." Akipiga kelele usingizini, "Jino linamsumbua." Ukimsikiliza Mwanahija, mumewe alishaugua malaria, tumbo, meno na mgongo. Ugonjwa wake mwenyewe tu ndio hakuwahi kuugua.

Hata walipohamia Guangzhou kwa biashara ya magauni ya Mwanahija, ugonjwa haukuachwa uwanja wa ndege. Basi Maulid akaomba jeshini kule nyumbani atambuliwe kuwa ameumia akili akiwa kazini, apate matibabu na mafao ya ulemavu. Akakataliwa. Mtu anayeweza kuishi Uchina na kubeba mizigo, walisema, huyo ana afya kuliko wao. Akakata rufaa. Hiyo ndiyo ya mwisho, baada yake hakuna mlango mwingine.

"Wakikataa tena," alimwambia mkewe, huku akikunja kamba zake za marobota, "basi nitajua nilijitungia. Nitajua sina kitu, ni mwanamume mwoga tu."

Maneno hayo yalimwingia Mwanahija kuliko ile barua ya kukataliwa. Mafao yakikosekana, Mungu ni mpaji. Lakini mtu akishakubali kwamba maumivu yake ni uongo, nani atamtibu?

Kamati ya rufaa ilitaka mashahidi wanaomwona Maulid kila siku. Mwanahija akawaendea wawili. Wa kwanza Ghalib. Wa pili Elinami, Mpare mwuza vifaa vya shule na vitu vya kuchezea, mzee wa kanisa, rafiki wa Maulid tangu walipofika.

"Kwa Maulid? Shemeji, hata usiniombe," alisema Ghalib.

"Nitafunga na kuomba kabisa," alisema Elinami.

"Semeni mnachokijua tu," Mwanahija akawasihi.

Kosa lake lilikuwa hapo. Kwa watu wetu, ukiitwa kumsemea mwenzako, umeitwa kumsafisha. Nani atakayesimama mbele ya wakubwa amchafue ndugu yake kwa jambo la akili?

Siku ikafika. Wakakaa ofisini kwa Ghalib, kompyuta juu ya robota, na wajumbe wa kamati wakaonekana kwenye video. Elinami alivaa suti. Ghalib alijifukiza udi.

Mwenyekiti, mzee mpole mwenye miwani, akaanza na Ghalib.

"Mheshimiwa," Ghalib alisema, "huyu ni mtu safi. Haibi, hagombani, hachelewi kazini. Swala haimpiti."

"Na akili yake?"

"Akili! Ana akili kutushinda sote! Wachina wenyewe wanamwita laoban, yaani bosi, na bosi ni mimi hapa."

Wajumbe wakacheka. Ghalib akamtazama Mwanahija kama aliyefunga goli.

"Usingizi je? Analala vizuri?"

"Halali kabisa, mheshimiwa! Ndiyo maana hatujaibiwa."

Mwenyekiti akainua kichwa. "Halali?"

Ghalib akashtuka, akaona amemwaga mtama. "Hapa kazini, nasema. Nyumbani analala kama mtoto mchanga."

Mwanahija akafumba macho.

Ikaja zamu ya Elinami. Mwenyekiti akasema, "Mleta rufaa anaeleza kwamba siku ya ufunguzi wa duka moja huko mtaa wa Yide Lu, maputo yalipasuliwa, naye akakutupa chini. Ni kweli?"

Watu wa huko wakifungua duka hupasua maputo yalie kama baruti, maana baruti yenyewe imekatazwa mjini. Elinami alikuwapo. Akakohoa, akarekebisha tai.

"Aliteleza, mheshimiwa. Sakafu ilikuwa na maji."

"Na wewe?"

"Na mimi nikateleza."

"Wote wawili, kwa pamoja?"

"Viatu vya huku, mheshimiwa, havishiki chini."

Ulikuwa uongo wa mapenzi, na Mwanahija alijua mzee wa watu atautubia kabla ya Jumapili. Angeweza kuustahimili. Ila akamtazama mumewe, akamwona anatabasamu kidogo na kutikisa kichwa.

"Ni kweli," alisema Maulid polepole. "Nadhani niliteleza."

Hapo Mwanahija akasimama, mtandio ukamdondoka begani.

"Hakuteleza!"

"Mama, zamu yako bado," alisema mwenyekiti.

"Nisamehe, baba. Shemeji Elinami, Mungu akulipe kheri, lakini hakuteleza. Na mimi ndiye niliyewafundisha. Miaka yote nawaambia watu ana homa, ana jino. Hana jino, baba. Usiku husukuma kabati mlangoni. Nikiangusha sufuria, namkuta amejibana ukutani ananitazama kama hanijui, halafu hulia kwa kuniona nimeogopa. Nimemficha mume wangu mpaka amefichika hata kwake mwenyewe. Mnamsikia? Anaanza kuwaamini nyinyi!"

Elinami akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Mheshimiwa," alisema, na sauti ilikuwa imepungua, "nafuta neno langu. Alinilalia. Alinifunika kichwa kwa mikono yake, mwili wote unamtetemeka. Akaniambia, 'Tulia Chacha, wanakuja kutuchukua.' Watu wa dukani wanatucheka. Sikumwambia kuwa mimi si Chacha. Nilimjibu, 'Sawa, nimetulia.'"

Maulid akamgeukia. "Ulinijibu?"

"Nilikujibu, ndugu yangu. Ningefanyaje?"

"Nilikuwa nasikia mtu amenijibu," alisema Maulid. "Nikadhani na hilo nimelitunga." Akainamisha uso, mabega yakaanza kumcheza.

Wajumbe wakatoka kushauriana. Waliporudi, mwenyekiti alisoma polepole: kamati imeridhika kwamba Maulid anaumwa, na ugonjwa wake umetokana na utumishi wake. Atapata matibabu na mafao.

"Kwa hiyo ni ugonjwa," Maulid aliuliza. "Si woga?"

"Ni ugonjwa, askari. Na umethibitishwa."

Video ilipozimika, Ghalib akaruka na mkono wa kuume mbele. "Hongera, bwana we!" Kisha akakumbuka anampongeza mtu kwa jambo gani. "Yaani, pole. Pole sana."

"Nipe zote mbili," alisema Maulid, akaushika ule mkono. Halafu akaketi juu ya robota. "Haya, niambieni. Mengine niliyofanya ni yapi?"

Wakatazamana. Ghalib akaanza kwa haya: kulikuwa na ile siku ya mashine ya kunyanyulia mizigo, forklifti. Elinami akamkatiza, hapana, ya kwenye treni ya kwenda Pazhou ilizidi. "Ya treni wewe hukuiona vizuri!" "Mimi? Mimi ndiye niliyemshika!" Wale mashahidi ambao hawakuwahi kuona kitu sasa wakagombea nani ameona zaidi, na Maulid katikati yao anauliza, "Kisha? Kisha ikawaje?" huku machozi yanamtoka bila kuyafuta.

Mwanahija akawaacha, akaenda kuchemsha chai.